UZI: Kilomita 21 kuzunguka ziwa lenye ngome ya malkia, na maji tuliyonayo sisi wa Kanda ya Kati

Mkimbiaji wa Ntyuka (mwanzisha uzi)

Wakuu wa mbio, mbukwenyi.

Uzi huu niliwaahidi wenzangu wa jogingi ya Jumapili tangu mwaka jana. Leo mvua haijakatika tangu alfajiri, korongo la nyuma ya nyumba linavuma maji, hakuna kutoka. Nimechemsha chai, nauandika wote.

Baadhi yenu mnajua nilikwenda Uskoti mwaka mmoja kimasomo, nikapanga chumba Stirling. Ilipofika Desemba jua lilikuwa linazama kabla ya saa kumi alasiri, unaingia maktaba mchana unatoka usiku. Nilikonda, nikawa sipokei hata simu za nyumbani. Kilichonirudisha ni kukimbia, na zaidi ya yote njia moja inayozunguka ziwa la Loch Leven, kando ya mji mdogo wa Kinross. Hilo neno loch kwao ndiyo ziwa.

Mzunguko mzima wa njia ile ni kilomita 21. Nusu marathoni imejichora yenyewe ardhini, unaondoka kwenye gati la Kinross na unarudi palepale, huhitaji kuhesabu raundi wala kugeuza katikati. Kwa mtu aliyezoea kwenda hadi Iyumbu na kurudi kwa barabara ileile, magari yakimpulizia moshi, hiyo peke yake ilikuwa zawadi.

Naenda polepole hapa maana ndipo utamu ulipo.

Ukisimama gatini kabla ya kuanza, mbele yako kuna kisiwa chenye miti, na ndani ya miti umesimama mnara wa mawe wa karne ya 14. Ndiyo ngome ya Lochleven. Juni 1567 Malkia Mary wa Uskoti alivushwa kwa mashua akafungwa mle. Alikuwa na miaka 24 na mimba ya mapacha, ikaharibika humohumo. Julai 24 mwaka huohuo, akiwa bado mgonjwa, walimlazimisha kutia saini ya kuachia ufalme, taji akavishwa mwanawe James aliyekuwa na mwaka mmoja tu. Alikaa kisiwani karibu miezi 11. Usiku wa Mei 2, 1568 kijana wa nyumba ile aitwaye Willie Douglas alichukua funguo wakati wa chakula cha jioni, malkia akavaa nguo za mtumishi, wakatoka, kijana akafunga lango kwa nje na kuzitupa funguo majini. Kisha wakapiga makasia.

Mimi nilisoma habari hiyo kwenye kibao gatini, huku napasha misuli moto, mvua nyepesi inanyesha. Nikatazama yale maji aliyovuka. Yalikuwa ya kijivu na yametulia. Nikaanza kukimbia nikiwa na kitu cha kufikiria kwa saa mbili.

Nilikuwa naanzia upande wa kaskazini, ziwa likiwa mkono wa kulia. Kwanza unapita miti ya misonobari na ufukwe mdogo wa mchanga panapoitwa Burleigh Sands. Ukichepuka kidogo kuelekea kijiji cha Milnathort unaikuta ngome nyingine, Burleigh, iko kandokando ya barabara. Ni mnara wa mawe mekundu na ya kijivu uliobaki na kipande cha ukuta na lango, nyumba za watu ziko jirani kabisa. Ukirudi kwenye njia unapita mashamba ya ngano na shayiri, kisha upande wa mashariki pa Portmoak ambako ndege zisizo na injini hupaa kwa upepo wa mlimani. Zinapita juu yako bila sauti yoyote. Mara ya kwanza nilisimama kabisa.

Kusini mashariki ndipo mto unapotoka ziwani, kuna malango ya kuzuia maji. Hapo umeshamaliza zaidi ya nusu. Halafu unaingia chini ya mlima Benarty, sehemu ya hifadhi ya ndege iliyokuwa ikiitwa Vane Farm. Kuanzia Septemba bata bukini wanafika kwa maelfu kutoka Iceland, wale wenye miguu ya rangi ya waridi. Asubuhi na mapema wanainuka wote kwa pamoja kutoka majini, na kelele zake zinakujaa kifuani kama ngoma. Ukishawapita hao, kilomita chache za mwisho unaelekea magharibi, na mnara wa kisiwani unaanza kuonekana tena kidogokidogo, safari hii kutoka upande mwingine.

Nilizunguka ziwa lile mara 14 mwaka ule. Naomba niseme nilichojifunza nisije nikakisahau: njia nzuri ya kukimbia ni ile inayozunguka kitu. Maji yakiwa katikati na jengo la kale likiwa mahali unapoanzia, mwili unachoka lakini akili haichoki, kwa sababu kila hatua unakiona kitu kilekile kwa upande mpya. Swali langu kwenu: sisi wa Dodoma, Singida, Manyoni, Kondoa, Mpwapwa, tuna maji gani na kuta gani za kuzunguka? Nina majibu yangu ila nataka kwanza ya kwenu.

Kocha wa Area C

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi swali langu la kiufundi. Ardhi yake ikoje, changarawe au lami? Milima je? Na raba gani ulivaa?

Mkimbiaji wa Ntyuka

Kocha, ni changarawe laini iliyoshindiliwa, na sehemu zenye kinamasi wameweka sakafu ya mbao. Tambarare karibu yote, kuna vipandio vidogo upande wa mashariki tu. Raba za kawaida za barabarani zinatosha.

Lakini sikiliza jambo la upepo, hili linakuhusu wewe unayefundisha. Upepo wa kule mara nyingi unatoka magharibi. Ukizunguka kama nilivyozunguka mimi, nusu ya kwanza unasukumwa mgongoni, unajiona mkali, unakimbia kasi isiyo yako. Nusu ya pili, ukiwa umechoka, unaukuta upepo huohuo usoni. Mara ya kwanza nilianza kwa dakika tano na nusu kwa kilomita, nikamaliza natembea. Mzee mmoja wa klabu ya pale akanishauri nihamishe mwanzo, nianzie mashariki kwenye yale malango ya maji na kuelekea magharibi kwanza, nile upepo nikiwa na nguvu. Nikafanya hivyo na nikapunguza dakika tisa. Sisi wenye upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti tunatakiwa kupanga hivyohivyo, tuanze kwa kuukabili.

Mama Kilimani

Habari za jioni wana uzi. Mwanangu umeandika vizuri, nimesoma hadi mwisho. Mimi nakimbia na wenzangu wanawake watano, umri wetu umeshasogea. Nataka kujua: hayo mashamba unayopita ni ya watu? Hawafukuzi? Hapa kwetu njia tuliyokuwa tunapita miaka sita, mwenye kiwanja kajenga ukuta mwezi uliopita, sasa tunazungukia barabara kuu na bodaboda zinatukosakosa.

Mkimbiaji wa Ntyuka

Shikamoo Mama. Pole sana kwa hiyo njia, naifahamu, na mimi ilinikata.

Ni ya watu, ndiyo. Ila Uskoti ina sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita kwa miguu, baiskeli au farasi kwenye ardhi na maji karibu yote, hata yenye mwenyewe, mradi aende kwa uangalifu. Hupiti uani kwa mtu wala katikati ya mazao, mbwa wako unamfunga palipo na kondoo, na geti ukilikuta limefungwa unaliacha limefungwa. Basi. Mwenye shamba ananyanyua mkono, nawe unanyanyua.

Hili ndilo ninaloliwazia zaidi kuliko ngome zenyewe. Njia ya kuzunguka ziwa lile ilikamilika mwaka 2014, maana yake kabla ya hapo kulikuwa na vipande vipande. Kuna watu walikaa wakazungumza na wenye mashamba mmoja baada ya mwingine. Dodoma inajengwa sasa hivi, Mama. Viwanja vinapimwa kila wiki. Njia za miguu tusipozidai leo kwenye ramani za mitaa, kesho ni ukuta kila upande. Mwenyekiti wa mtaa wenu aulizwe kama ile njia ilikuwa kwenye ramani ya mipango miji. Mkiitisha kikao nitakuja.

Mama Kilimani

Marahaba. Tutaitisha, nitakutumia ujumbe.

Chilonwa_1

Mkuu mimi nitakwenda kinyume kidogo, usinielewe vibaya. Ngome za wazungu zina nini cha kutupendeza sisi? Huku kwetu jengo la mawe la zamani ni boma la Mjerumani. Babu yangu mzaa baba alikuwa akilitaja boma anashusha sauti. Ndipo walipolipia kodi ya nyumba na ndipo watu walipochapwa hamsa ishirini, viboko 25 mbele ya wake na watoto wao. Sasa leo nivae bukta nikazunguke pale nafurahia mandhari? Roho inakataa.

Mkimbiaji wa Ntyuka

Ndugu yangu, nimekaa na swali lako tangu mchana, sikutaka kulijibu haraka.

Ngome ile niliyoizunguka mara 14 ilikuwa gereza. Mwanamke alipoteza watoto mle na akaporwa ufalme akiwa kitandani. Alipotoroka alikusanya jeshi, akashindwa vitani Langside siku 11 baadaye, akakimbilia Uingereza kwa binamu yake, naye akamweka kizuizini miaka 18 na zaidi hadi akakatwa kichwa Februari 1587. Waskoti hawakuubomoa mnara na hawakuupamba pia. Hauna paa, ndani ni kuta tupu na vibao vinavyoeleza kilichotokea. Ukitaka kuingia unavuka kwa mashua miezi ya joto. Na kule Linlithgow, mji ulioko kati ya Stirling na Edinburgh, kuna jumba alimozaliwa Desemba 1542, nalo liko kando ya ziwa, nalo halina paa tangu lilipoungua 1746. Njia ya kuzunguka ziwa lile ni chini ya kilomita nne, nilikuwa nazunguka mara tatu. Mtu anaweza kuamka asubuhi akakimbia pale alipozaliwa malkia na wikiendi inayofuata akakimbia pale alipofungwa. Huo uchungu unaingia miguuni, huwezi kuukwepa kwa sababu una saa mbili peke yako na hilo jengo.

Kwa hiyo simwambii mtu akafurahie boma. Nataka tupite pale na watoto wetu, na babu yako atajwe, kwa sauti ya kawaida.

Chilonwa_1

Hapo nimekuelewa. Nitalifikiria.

Dereva wa Manyoni

Niongezee kwenye hilo la magereza. Sisi huku tuna Kilimatinde. Kilikuwa kituo cha jeshi la Wajerumani, na Vita vya Kwanza vilipoanza waliwaweka kizuizini pale wamisionari wa Kiingereza na mateka wengine. Yaani kila alichosema mkuu hapo juu, ukuta na wafungwa, tunacho.

Maji hakuna ila ukingo upo. Kilimatinde imekaa juu kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa, unasimama pale unaliona bonde la Bahi lote limelala chini yako, na masika kule chini panang'aa maji. Mimi si mkimbiaji, ni dereva, lakini nikipanda mlima Saranda kutokea Kintinku alfajiri nawaona vijana wa Manyoni wanafanya mazoezi ya kupanda. Anayetaka mlima asiende mbali.

Binti wa Singida

Jamani nimechelewa kuuona uzi huu, na mnaitaja Kanda ya Kati mkiacha Singida! Mji wetu umekaa katikati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Yote ni ya chumvi. Kiangazi maji yakirudi nyuma ufukwe unabaki mweupe, na kuna misimu heroe wanashuka, unaona mstari wa waridi ukingoni. Na mawe! Yale majabali makubwa ya kijivu yaliyopangana kama mtu kayabeba akayaweka. Mimi nakimbilia Kindai asubuhi saa 12, jua linatokea kwenye maji, upepo unakuja na harufu ya chumvi. Sina ngome ya kuwaonesha lakini majabali yale kwa mbali huwezi kuyatofautisha na kuta.

Mkija Singida mje kiangazi, masika udongo wa ukingoni unanasa raba hadi zinavuka. Na mkimaliza kuna kuku wa kienyeji.

Mkimbiaji wa Ntyuka

Dada, Singida nimelala mara moja tu nikiwa safarini na sikutoka kukimbia, na sasa ninajuta. Swali: mtu anaweza kuzunguka Kindai lote bila kukwama, au kuna sehemu inakatika?

Binti wa Singida

Kiangazi unafanya sehemu kubwa kwa njia za ng'ombe. Kuna kipande kimoja cha mawe inabidi utembee, mikono ikusaidie. Tafuta mwenyeji, usiende peke yako mara ya kwanza.

Kocha wa Area C

Nami niwatoe kidogo nje ya kanda. Tukitaka ngome iliyojengwa na mtu wetu, ni Kalenga, Iringa, njia ya Mtera. Mkwawa alijenga ukuta wa kuuzunguka mji wake kando ya Ruaha Mdogo. Wajerumani waliupiga kwa mizinga Oktoba 1894 na kuuingia, yeye akaendelea kupigana porini hadi 1898. Makumbusho ipo, na fuvu lake lililorudishwa 1954 liko pale. Klabu yetu tulikwenda miaka miwili iliyopita, tukakimbia kutoka Iringa mjini hadi Kalenga, vijana wakaingia ndani wakiwa bado wanatoka jasho. Nilimwona mmoja, mtundu kuliko wote kundini, amesimama mbele ya lile fuvu dakika nyingi hasemi kitu. Mtera yenyewe tulisimama kula samaki tu. Msikimbie ukingoni mwa Mtera, kuna mamba na viboko.

Mkimbiaji wa Ntyuka

Kocha, hilo la Kalenga ndilo nililokuwa nalitafuta bila kulijua.

Nami niseme jibu langu sasa. Mara ya mwisho kuzunguka Loch Leven ilikuwa Agosti, siku tatu kabla ya kurudi. Nilimaliza gatini, nikakaa chini, nikautazama ule mnara. Ghafla nikaikumbuka tembe ya bibi yangu kule Chamwino. Wasioijua: nyumba ndefu ya Kigogo, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, imejikunja kuzunguka uwanja, na ng'ombe wanalala ndani ya uwanja huo. Mlango wa kutokea ni mmoja. Nilipokuwa mdogo niliona ni nyumba ya kizamani ya watu wasio na bati. Pale gatini nikaielewa kwa mara ya kwanza. Kuta nene kwa nje, mali katikati, lango moja, paa ambalo mtu anaweza kupanda akatazama nani anakuja kuwaiba ng'ombe. Bibi yangu alikuwa anaishi kwenye ngome.

Nimerudi nikaenda kuiona. Paa limeshuka, mvua tatu nne zimepita, kuta zimekuwa kichuguu. Mawe ya Lochleven yamesimama miaka 600 na zaidi, udongo wetu ukikosa mtu wa kuusiriba hata miaka kumi haufiki. Nilipiga picha moja nikashindwa kupiga ya pili.

Kwa hiyo njia ninayoitamani mimi ni Hombolo. Bwawa lipo tangu 1957, mashamba ya zabibu yapo, mibuyu ipo. Nimekimbia pale kama mara nane, kutoka kijijini hadi kwenye tuta na kuendelea kidogo ukingoni, kwenda na kurudi saa moja na robo. Sijawahi kufunga duara. Kama kuna mtu humu ni mwenyeji wa Hombolo naomba ajitokeze. Je, bwawa linazungukika? Na kuna tembe yoyote bado imesimama?

Mzee wa Hombolo

Nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu, naye ndiye anayeandika.

Kijana, hujambo. Umesema vizuri habari za tembe ila umesahau mambo mawili. La kwanza, paa lile tulianikia mtama na uwele juu, na sisi watoto ndio tuliokuwa tunakaa kule kufukuza ndege. La pili, tembe haikuwa ya mtu mmoja. Kila upande una mama wake na watoto wake, na ukitaka kuongeza mtoto aliyeoa unaongeza ukuta. Ndiyo maana zilikuwa ndefu. Mvua ikikatika, kabla udongo haujakauka, wote tunatoka kusiriba paa na kuta, kazi ya siku mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipokuja operesheni ya vijiji tulihamishwa tukapangwa kwenye mistari, kila mtu na kibanda chake. Tembe haiwezi kupangwa kwenye mstari. Zikabaki porini peke yake na mvua.

Kuhusu bwawa. Linazungukika kiangazi. Masika usijaribu, vijito vinavyoingia upande wa juu vinajaa ghafla, mvua inanyesha mbali wewe huioni. Kiangazi mnapita juu ya mashamba ya mpunga na bustani za mboga, mnavuka mchanga wa mto ukiwa mkavu. Miiba ipo, hasa ya migunga iliyokatwa kujengea uzio, hiyo inatoboa hata tairi. Majini msiingie hata kama joto limewazidi, kichocho kipo, na kila sehemu muulize mvuvi kwanza. Na bustani za watu msizikanyage, hayo uliyosema ya Uskoti hata kwetu ndiyo adabu.

Tembe ipo moja. Ni ya marehemu kaka yangu. Upande mmoja umeanguka, pande tatu zipo, mjukuu wake anafugia mbuzi humo na kila mwaka anasiriba kidogo.

Mkimbiaji wa Ntyuka

Shikamoo babu. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Hilo la watoto juu ya paa sikulijua, bibi hakuwahi kuniambia, au aliniambia sikusikiliza.

Naomba ruhusa tuje. Tusubiri mvua zikatike na vijito vikauke, tuseme Juni mwishoni, Jumamosi. Tutakuwa kama kumi na wawili. Tunaomba tuanzie mbio kwenye hiyo tembe na tumalizie hapohapo.

Mzee wa Hombolo

Marahaba. Mnakaribishwa. Ila Juni ni mwezi mbaya kwa udongo, umeshakuwa jiwe. Mkitaka kusaidia kusiriba ule upande ulioanguka njooni Aprili mwishoni wakati udongo bado unakubali mkono, halafu Juni mje mkimbie. Mje na majembe na ndoo. Nyasi na samadi ziko hapa.

Kocha wa Area C

Klabu yetu tupo. Ndoo nane naleta mimi.

Chilonwa_1

Niandikeni. Na baba yangu anataka kuja, ana miaka 71, hatakimbia lakini kusiriba anakujua.

Mama Kilimani

Sisi watano tupo, na chakula cha mchana tuachieni. Mlenda na ugali wa uwele. Babu atuambie kama pale kuna kuni au tubebe mkaa.

Mzee wa Hombolo

Kuni zipo. Chumvi mje nayo.

Mkimbiaji wa Ntyuka

Basi ni Jumamosi ya mwisho ya Aprili, tunaondoka Dodoma saa 11 na nusu alfajiri. Raba mnaweza kuziacha nyumbani siku hiyo, njooni na kandambili. Majina nayaorodhesha kwenye ukurasa wa kwanza wa uzi, na picha za ile tembe kabla ya kuiziba nitaziweka hapahapa.